Shira ya Kinamasi

Leona Tatro aliinamisha ndoo, akanywa funda la utomvu wa mti, akalizungusha mdomoni kama afanyavyo kila mwaka, kisha akasema, "Bado."

Mumewe Royce alikuwa nyuma yake, maji ya barafu yakikaribia kumwingia ndani ya mabuti ya mpira. Aliinua macho akatazama vilele. Kinamasi chote, toka nyuma ya nyumba yao hadi kijitoni, kilikuwa cha mepo nyekundu, miti ya kukamuliwa utomvu inayopenda kusimama na miguu yake majini, na siku hiyo ncha za matawi zilikuwa zimeanza kuvimba na kuiva kama ukucha uliogongwa na nyundo. Mepo nyekundu haina subira. Zile mepo za mlimani hungoja theluji iondoke ndipo zichipue. Hii ya kinamasi ikionja jua kidogo tu imeshafungua macho, na ikishachipua utomvu wake hauna maana tena. Utauchemsha, utapata shira, lakini shira yenyewe itakuwa na harufu.

"Bado?" Royce aliuliza.

"Kwani nimesema nini?"

"Naona juu kumeshakuwa kwekundu."

"Mwaka juzi kulikuwa kwekundu vilevile, na tukaendelea wiki nzima. Mimina, mzee wangu, mikono inaganda."

Royce akamimina. Tangu waoane kazi zilikuwa zimegawanyika hivyo. Yeye alipasua kuni, akatoboa miti, akabeba ndoo kwenye tope na kuchochea moto. Leona alionja. Alikuwa mpishi wa shule ya kijiji mpaka alipostaafu, na hata leo wapo watu wenye mvi wanaomsimamisha njiani kumkumbusha supu yake ya maharage. Royce aliendesha lori la kukwangua theluji barabarani, na kwake chakula kilikuwa cha moto au kilichopoa, basi. Leona akisema bado, ni bado. Akisema basi, Royce huchomoa mirija ya utomvu mitini siku hiyohiyo bila swali.

Trekta lilipunguza mwendo barabarani. Merton Chaffee, jirani wa mlimani, alitoa kichwa nje.

"Nyie! Bado mnakamua vyura?"

"Tunawakamua," Leona akamjibu bila kugeuka. "Na Jumamosi utakunywa maziwa yao, Merton, tena utaomba uongezewe."

Merton akacheka, akaenda zake. Utani huo ulikuwa wa zamani. Watu wa mlimani wana miti ya utomvu mtamu; watu wa bondeni wana kinamasi, na ili wapate chupa moja hubidi wachome kuni nyingi kuliko wenzao. Kila mwaka karamu ya kanisa ya kuaga theluji ilitumia shira ya akina Chaffee. Lakini safari hii Merton alikuwa ameuza mapipa yake yote mapema kwa mchuuzi mmoja, akabakiwa na ya nyumbani tu, na mkewe Doreen, ambaye ndiye mkuu wa karamu, alishuka mwenyewe hadi mlangoni kwa Leona kuomba. Leona alimkubalia kwa sauti kavu, kama mtu aliyeambiwa mvua itanyesha. Jioni ile Royce alimsikia akiimba kidogokidogo huku akiosha vyombo.

Waliporudi kwenye kibanda chao cha kuchemshia Royce alichochea moto, na mvuke ukajaa mpaka hawakuonana vizuri. Leona alichota shira kwa upawa, akaitazama ikianguka kwa utando mpana badala ya matone, akaridhika kuwa imeiva. Waliichuja na kuitia kwenye chupa ingali moto.

Alipokwenda ndani kuleta vifuniko, Royce alijipakulia kijiko. Alifanya hivyo kwa tamaa tu, kama mtoto.

Akabaki na kijiko mdomoni.

Utamu ulikuwapo. Lakini nyuma ya utamu kulikuja ladha ya maji yaliyochemshiwa kabichi, na nyuma ya kabichi kitu kama kiatu cha ngozi kilicholowa. Royce alitema kwenye kuni. Alisukutua kwa maji, akafikiri labda ni tumbaku yake, akajaribu tena. Kabichi ileile.

Leona akarudi na vifuniko. "Umeionja?"

"Nimeionja." Royce alimeza mate. "Na wewe?"

"Nimeionja. Naona ni tamu kuliko ya mwaka jana." Akamkazia macho. "Wewe je?"

Royce alifungua mdomo aseme. Yeye huyu, ambaye wakati fulani alimwagia chumvi uji wake akidhani sukari na akaumaliza, amwambie Leona Tatro habari za ladha? Leona alikuwa amekwisha kusema. Pengine ni mzaha. Pengine kuna jambo katika ufundi wa shira ambalo huanza vibaya na kukaa sawa chupa ikipoa. Hakujua.

"Tamu," alisema.

Leona aliendelea kumtazama kidogo, kisha akaanza kukaza vifuniko.

* * *

Shira ilipopoa haikukaa sawa. Royce aliionja tena kwa siri asubuhi, Leona akiwa kwa kuku, na mara hii wazo jingine lilimjia, akaketi.

Alikumbuka kwamba majira yale ya baridi supu ilikuwa ikija na chumvi mara mbili, siku nyingine bila chumvi kabisa. Alikumbuka maziwa yaliyoungua jikoni, nyumba nzima ikinuka, na Leona amekaa kando yake anashona kifungo. Alikumbuka kahawa aliyowekewa maziwa yaliyochacha, naye akaimwaga kwenye sinki bila kusema. Kila jambo lilikuwa dogo. Akiyaweka pamoja, yalifanana na mambo ya mama mkwe wake, marehemu Alphonsine, ambaye alianza kwa kuunguza mikate na akaishia kumwita bintiye kwa jina la mbwa.

Alimpigia simu binti yao Janine, anayetunza wazee katika nyumba moja ya wazee huko mjini.

"Mama yako sijui ana nini," alisema kwa sauti ya chini.

"Ana nini vipi, baba?"

"Ametengeneza shira ina ladha ya kabichi. Na anasema tamu."

"Umemwambia ni mbaya?"

"Nimemwambia tamu."

"Baba!"

"Ningesemaje, mwanangu? Mimi na yeye nani mpishi?"

Janine akashusha pumzi. Kazini kwake mambo kama haya alikuwa ameyaona sana. "Sikiliza. Usimshtue. Mwulize maswali madogomadogo kama utani. Mwulize leo ni siku gani, mwezi gani. Usikilize anavyojibu."

Kwa hiyo, wakati wa chakula cha mchana, Royce alikata mkate, akapaka siagi polepole, akasema, "Leona, hivi leo ni siku gani?"

Leona aliweka uma chini. "Alhamisi. Kwa nini?"

"Basi tu. Na mwezi?"

"Royce, unajisikiaje?"

"Niko sawa."

"Uligonga kichwa kule kinamasini?"

"Sikugonga kitu."

Leona alimtazama akila mkate mkavu, chupa ya shira iko palepale mbele yake na yeye haigusi. Mtu huyu, tangu amjue, hakupata kuacha shira mezani. Tena siku hizi alikuwa akimkodolea macho mpaka anakosa raha. Royce alipotoka kwenda kupasua kuni, Leona naye alinyanyua simu.

Ndivyo Janine alivyopata simu mbili siku moja, baba akisema akili za mama zinayumba, mama akisema akili za baba zimeyumba.

"Ananiuliza leo ni siku gani," Leona alimwambia. "Mtu mzima. Na ananitazama kama mgeni."

Janine hakujua amwamini nani. Alisema Jumamosi atakuja karamuni, na kwamba hadi hapo mtu yeyote asiendeshe gari.

"Kwani gari limefanya nini?" Leona akauliza.

Siku ile na iliyofuata waliishi kwa adabu nyingi, kama wapangaji. Royce alikagua jiko baada ya mkewe, na Leona alihesabu vidonge vya shinikizo la damu vya mumewe kuona kama amemeza. Wakipishana mlangoni kila mmoja alimpisha mwenziwe. Mara mbili Royce alikusudia kusema. Mara ya kwanza Leona alikuwa akiandika majina yao kwenye chupa za karamu kwa mwandiko wake mzuri wa shule. Mara ya pili alikuwa akipiga pasi nguo yake ya buluu. Mara zote mbili Royce alitoka nje akapasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa tena.

* * *

Ukumbi wa kanisa ulijaa mapema alasiri. Mlangoni watu walilipa kiingilio kwa ajili ya paa linalovuja, wakavua makoti, wakakaa kwenye meza ndefu. Vijana walileta masinia ya theluji safi kutoka nyuma ya makaburi. Donati zilipangwa kwenye sahani na matango ya siki kwenye bakuli, maana shira juu ya theluji ni tamu kiasi kwamba bila tango la siki mtu hawezi kuendelea.

Leona, katika nguo yake ya buluu, alimimina shira ya moto mwenyewe. Ilianguka juu ya theluji, ikajikunja, ikaganda kama utepe wa kaharabu. Kwa macho haikuwa na kasoro. Mchungaji Ellsworth alishukuru Mungu kwa majira, akamshukuru Bi. Tatro, na watu wakapiga makofi. Royce aliona shingo ya mkewe ikiwa nyekundu kwa furaha, akatamani ardhi ipasuke.

Watu wakaizungusha kwenye uma zao, wakaitia mdomoni.

Kelele za ukumbi zikapungua. Mzee mmoja alitafuna, akaacha kutafuna, akaendelea. Mwanamke kando yake alinyoosha mkono kwenye bakuli la matango, akachukua moja, akachukua jingine. Punde bakuli zote zilikuwa tupu na masinia ya theluji yangali yamejaa.

"Mama, inanuka kabichi," alisema msichana mdogo kwa sauti safi.

"Kula donati," mama yake akamwambia.

Leona alipita katikati ya meza na birika. "Niwaongezee?"

"Asante, tumeshiba."

"Ni ya kipekee, Leona. Ya kipekee kabisa."

"Mimi daktari amenikataza sukari," alisema mtu aliyekuwa na donati mbili mkononi.

Leona alishukuru kila mmoja. Alikwenda meza hadi meza akiwa na tabasamu ambalo polepole lilikosa mahali pa kukaa. Alimtazama kila mtu usoni, na kila mtu aliangalia sahani. Kisha akamwona Doreen Chaffee akitoka jikoni na mtungi uliofunikwa kitambaa, akiinama meza ya mwisho, akimimina upesiupesi. Pale wakaanza kula. Meza ya pili wakainua sahani zao juu ili wafikiwe.

"Doreen," Leona aliita, "kwani yangu imeisha?"

Doreen akageuka na mtungi wake. Hakuwa mwanamke mbaya, na uso wake ulionyesha anatafuta uongo mzuri na haupati. "Hapana, mpenzi. Nimeona tu nisaidie."

Hakuna aliyecheka. Royce alitamani wangecheka. Alimtazama Merton, mtu wa vyura, na Merton alikuwa ameshughulika kufunga kamba ya kiatu.

Ndipo Royce alipoinuka. Alivuta sinia lililokuwa limeachwa mbele ya wageni, akazungusha shira yote ya mkewe kwenye uma, akaila. Akavuta la pili. Kabichi ilimjaa puani, macho yakamlenga machozi, naye akaendelea kutafuna, mbele ya kanisa zima, kama mtu anayelipa faini.

Leona alimtazama akila. Aliweka birika mezani, akamshika mkono, akamwingiza jikoni na kufunga mlango.

"Ina nini?" aliuliza.

"Haina kitu."

"Royce, ina nini?"

Royce akafuta macho kwa mkono wa shati. "Ina kabichi."

"Kabichi."

"Na kiatu. Kidogo."

Leona akakaa juu ya kreti ya maziwa, nguo yake ya buluu ikigusa sakafu. Aliweka mikono mapajani.

"Mimi kabichi siijui tena," alisema. "Sijui kahawa, sijui vitunguu. Tangu ile homa ya baada ya Krismasi. Niliamka siku moja nikadhani sabuni imeharibika, haina harufu. Kumbe ni mimi."

Royce alihitaji muda kuelewa. Alikuwa amejiandaa kwa jambo jingine, jambo kubwa la mama mkwe na mbwa, na hili lilimkuta hana pa kuliweka. "Sasa, kule kinamasini. Ulikunywa ukasema bado."

"Nilikunywa maji, Royce. Yote ni maji."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kila aliyemo humu ananijua kwa kitu kimoja." Alinyanyua uso. "Nilidhani ulimi wangu utarudi. Kila asubuhi nasema leo utarudi. Halafu nikasema haidhuru, Royce yupo. Nitasema tamu, nitamtazama usoni. Ikiwa mbaya ataniambia."

Royce akaegemea friji.

"Nilikuuliza, wewe je? Nikakutazama hivi ninavyokutazama. Ukaniambia tamu." Sauti yake haikupanda. "Ningeimwaga yote siku ileile. Doreen ningemwambia mvua imeniharibia. Nimekuja hapa kwa neno lako."

"Na mimi niliitikia neno lako," Royce alisema.

Walitazamana. Nyuma ya mlango uma zilikuwa zimeanza kugonga sahani tena, watu wakila shira ya Chaffee na kuzungumza kwa sauti za kawaida.

Janine aliingia kwa mlango wa nyuma, bado na koti, tope hadi magotini. Aliwakuta mama juu ya kreti na baba ameegemea friji.

"Nani kati yenu anaumwa?" akauliza.

Wote wawili wakaanza kujibu kwa pamoja.

* * *

Jumatatu Janine alimpeleka mama yake kwa daktari. Daktari alimnusisha vichupa, akamulika pua, akauliza habari za homa. Alisema akili zake hazina neno. Kuhusu ulimi na pua, alisema pengine vitarudi, pengine vitarudi nusu, pengine havitarudi. Leona akamwuliza ni lini atajua, daktari akasema hata yeye hajui. Njiani Leona alisema angalau amekutana na mtu mmoja asiyemdanganya.

Kwa Royce hakuwa amesema mengi tangu Jumamosi. Alipika, wakala. Royce alisema supu haina chumvi. Leona akamsogezea chumvi. Alisema maziwa yamechacha, Leona akayamwaga. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo.

Merton alikuja na mtungi wa Doreen wenye shira iliyobaki, akasimama barazani akiukabidhi kama mtu anayerudisha shoka la kuazima. Alisema mkewe anasalimu. Alisema mwaka huu hata mlimani miti imeharakisha. Halafu akasema, "Leona, ule utani wangu wa vyura..."

"Endelea nao," Leona alimwambia. "Ukiacha ndio nitajua nimekufa."

Merton alipoondoka, Royce alivaa mabuti akaenda kuchomoa mirija peke yake. Maji ya kinamasi yalikuwa yamepanda, yamefunika mizizi, na mepo zilikuwa zimechanua kabisa, wekundu umetanda juu ya maji mpaka ng'ambo ya kijito. Alichomoa mmoja mmoja. Alipomwaga ndoo ya mwisho alichovya kidole akalamba, na hakupata kitu zaidi ya maji yenye ubaridi.

Aliporudi alimkuta Leona ameshusha chupa zote za msimu, za mwanzo hadi za mwisho, amezipanga mezani dirishani, kila moja na kijiko chake. Alikuwa amevuta viti viwili.

"Kaa," alisema. "Mimi sijui nimepika nini mwaka huu. Utaniambia."

"Leona, mimi si mtu wa ladha."

"Najua. Ndiwe niliye nawe."

Royce akakaa. Alionja chupa ya kwanza, ile waliyoichemsha theluji ingali magotini. "Hii nzuri," alisema.

"Usiniambie nzuri. Nzuri umeshaniambia."

Alionja tena. Alitafuta maneno kama mtu anayepapasa swichi katika chumba cha watu. "Ni kama... siagi iliyoanza kuwa kahawia. Na moshi wa kuni, lakini wa mbali."

Leona alifumba macho, akaitikia kwa kichwa, akaisogeza chupa upande wa dirisha.

Wakaendelea. Za mwisho zilikuwa kabichi, Royce akasema kabichi, na Leona akazitoa nje mwenyewe, akazimwaga kwenye tope pasipo kugeuza uso. Ilibaki moja ya katikati. Royce aliionja, akangoja, akaionja tena. Aliona jinsi mkewe alivyoshika ukingo wa meza. Ilikuwa rahisi kusema nzuri, na ilikuwa rahisi vilevile kusema mbaya.

"Hii sijui," alisema.

"Hujui vipi?"

"Inaanza vizuri. Halafu kuna kitu. Sijui kama ni kibaya. Inawezekana ni mimi."

Leona alichukua kijiko, akakijaza, akakitia mdomoni mwake mwenyewe. Alikaa nacho muda mrefu, macho yake usoni kwa Royce.

"Haya," alisema alipokitoa. "Anza pale inapoanza vizuri. Nieleze polepole."

Royce akajipakulia tena, akaanza kumweleza.